Martin Luther, Mtawa Aliyeiogopa Mizani

Kaka yangu mkubwa, baba mmoja mama mmoja, alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba alishikwa na wasiwasi wa udhu. Wasomaji waliolelewa misikitini wanaujua ugonjwa huu. Alikuwa akikaa penye birika ya msikiti wetu akiosha mkono wa kulia, akirudia, akishuku kama maji yamefika kwenye kiwiko, akaanza upya tangu nia. Jamaa wakifunga sala, yeye angali na maji. Imamu akitoa salamu, yeye ndiyo kwanza yuko miguuni. Kisha wasiwasi ukatoka kwenye udhu ukaingia kwenye sala, na kwenye sala ukaingia moyoni. Ikafika siku akaacha kusali kabisa, si kwa uvivu wala kwa ukaidi, bali kwa kukata tamaa ya kukubaliwa. Baba alimgombeza sana. Maalim wetu wa chuoni, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakumgombeza. Alimshika mkono, akamwambia atawadhe mara moja tu, asali kama alivyo, na yaliyobaki amwachie Mwenye rehema. Ilichukua karibu mwaka mzima kumrudisha katika safu.

Nimeanza na habari hii ya nyumbani kwa sababu bwana ninayetaka kumzungumza leo ni Mjerumani, ni Mkristo, na amekufa tangu mwaka 1546. Walakini nilipoyasoma maisha yake kwa mara ya kwanza nilimwona kaka yangu pale birikani. Jina lake ni Martin Luther. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwenye vibao vya makanisa tu, na wanaojua zaidi kidogo wamesikia kwamba yeye ndiye aliyewafundisha Wakristo kuwa amali njema si kitu. Nami nilikuwa nikiamini hivyo hivyo. Nilikuwa nikimchokoza kwa jambo hilo mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Moshi, mstaafu wa reli, Mlutheri tangu babu yake. Nitarudi kwake.

Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 katika mji mdogo wa Eisleben. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa migodi ya shaba, aliyeanzia chini akapanda hata akawa na sehemu yake katika tanuri za kuyeyushia madini. Kama wazazi wengi waliohangaika, alitaka mwanawe asihangaike. Akampeleka chuo kikuu cha Erfurt mwaka 1501, akitaraji atoke mwanasheria. Kijana akapata shahada zake vizuri, akaanza masomo ya sheria. Lakini tarehe 2 Julai 1505, akirudi kutoka kuwazuru wazazi wake, karibu na kijiji cha Stotternheim radi ilipiga kando yake. Kwa hofu ya kufa ghafla pasina matayarisho aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna, ambaye Wakristo husema ni mama yake Bibi Mariamu, kwamba akisalimika atakuwa mtawa. Wiki mbili baadaye akabisha hodi kwa watawa wa Agostino mjini Erfurt. Mzee Hans aliwaka kama tanuri zake.

Sisi pia tunaye wa mfano huo. Imam Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 kwa hofu ya akhera. Ila Ghazali aliukimbia umashuhuri uliokwisha kumfika, na Luther aliukimbia umeme.

Humo utawani Luther hakufanya mchezo. Alifunga, alikesha, alivumilia baridi ya kwao, ambayo si baridi ya kipupwe chetu. Juu ya yote hayo, alikuwa akiungama. Msomaji aelewe kwamba kwa Wakatoliki mtu humweleza kasisi dhambi zake moja moja, naye kasisi humtangazia msamaha kwa jina la Mungu. Luther aliweza kuungama kwa saa sita mfululizo, kisha akishatoka akakumbuka nyingine, akarudi. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, mtu mpole mwenye subira, alifika mahali akamwambia kwamba heri angeleta dhambi yenye kimo kuliko kumletea vumbi la kila siku. Maneno hayo hayakumsaidia. Walimu wa zama zile walifundisha kwamba mtu akifanya lililo katika uwezo wake, Mungu hatamnyima neema. Ni maneno ya kutuliza, ukiyasikia upesi. Lakini Luther aliyasikia polepole, akajiuliza: nani atakayeniambia kuwa nimefanya lote lililo katika uwezo wangu? Huenda palikuwa na rakaa moja zaidi, sarafu moja zaidi ya sadaka, chozi moja zaidi. Mizani imetundikwa, naye haoni upande wa pili una uzito gani. Baadaye, uzeeni, alikiri kwamba wakati ule hakumpenda Mungu, alimchukia.

Alikwenda Roma kwa shughuli za utawa wake, safari iliyoanza mwaka 1510, akapanda ngazi takatifu, kila kidato kwa sala, ili kuiokoa roho ya babu yake kutoka toharani. Alipofika juu, kwa masimulizi yake mwenyewe, likamjia swali: ni nani ajuaye kama kweli inafika? Watu wa pwani, tunaogombana kila mwaka juu ya hitima na arobaini kama thawabu zinamfikia maiti au hazimfikii, hatuna haki ya kumcheka.

Mwaka 1512 alipata udaktari wa elimu ya dini, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Wittenberg. Akawasomesha wanafunzi Zaburi, kisha Waraka wa Paulo kwa Warumi. Humo ndimo alimogongana na maneno ‘haki ya Mungu’. Siku zote aliyafahamu kuwa ni ile haki ambayo kwayo Mungu huwahukumu waovu. Baada ya kuyatafakari usiku na mchana, aliyafahamu kwa njia nyingine: kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mtu bure, akamvika kama kanzu, kwa sababu ya kumwamini Yesu tu. Jambo hili Wakristo wa lugha yetu huliita kuhesabiwa haki. Kwa ufahamu huo, mtu hawi mwema kwanza ndipo akakubaliwa. Hukubaliwa kwanza, naye angali mchafu, ndipo akaanza kuwa mwema. Luther alisema alijiona kama aliyefunguliwa milango ya peponi.

Hapo ndipo njia zetu na zake zinapoachana, wala sina haja ya kulificha. Sisi hatukubali kwamba mtu mmoja alibeba mzigo wa dhambi za wengine. Lakini sisi pia tumefundishwa na masheikh wetu kwamba hakuna aingiaye peponi kwa uzito wa amali zake peke yake, isipokuwa rehema ya Mwenyezi Mungu imfunike. Na wanavyuoni wetu walilumbana karne nyingi kabla ya Luther kuzaliwa: Khawariji wakimtoa mtenda dhambi kubwa katika imani, Murjia wakisema hukumu yake iachiwe Mungu. Kwa hiyo swali si geni. Jibu lake ndilo lililokuwa geni kwetu.

Lau mambo yangaliishia chumbani mwake, tusingelijua jina lake. Yaliyoyatoa nje ni biashara. Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz, alikuwa amekopa fedha nyingi kwa matajiri wa ukoo wa Fugger ili alipie cheo chake. Papa Leo wa Kumi alitaka fedha za kujengea kanisa la Mtakatifu Petro. Ikatolewa ruhusa ya kuuza hati za kupunguziwa adhabu ya dhambi, nusu ya mapato iende Roma na nusu ikalipe deni. Mhubiri mmoja, Johann Tetzel, akazunguka nazo. Mtawala wa Luther, Frederick wa Saxony, alimkataza kuingia nchini mwake, wala si kwa uchaji. Yeye mwenyewe alikuwa na masalia ya watakatifu yapatayo 19,000 mjini Wittenberg, ambayo watu walilipa kuyazuru wapate msamaha. Hata hivyo watu walivuka mpaka wakanunua. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther akamwandikia Albrecht, akaambatisha hoja 95. Husemwa kuwa siku hiyo alizigongomea pia mlangoni mwa kanisa. Wanahistoria wanabishana juu ya misumari hiyo mpaka leo. Barua haina ubishi.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita mbio. Papa alimwonya kwa waraka, naye akauchoma moto hadharani tarehe 10 Desemba 1520. Januari 1521 akatengwa na Kanisa. Aprili mwaka ule akasimamishwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano mjini Worms, akatakiwa ayakane maandishi yake, akakataa. Frederick akamficha katika ngome ya Wartburg, na humo, kwa majuma kumi na moja hivi, akalifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani cha sokoni na jikoni, likachapwa Septemba 1522.

Katika tafsiri hiyo alitia neno lililowaudhi wengi. Pale Paulo alipoandika kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, Luther alifasiri kwa imani peke yake. Hilo ‘peke yake’ halimo katika Kiyunani. Alipolaumiwa alijitetea, katika barua ya mwaka 1530, kwamba Kijerumani sahihi kinalidai. Mimi ni mtu wa mashairi, najua jinsi neno moja la kujazia mizani linavyoweza kugeuza maana ya beti zima. Hoja yake sikuridhika nayo sana. Tena kulikuwa na Waraka wa Yakobo, uliomo katika Biblia hiyo hiyo, unaofundisha kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Luther hakuthubutu kuutoa, lakini aliusukuma nyuma na kuufananisha na majani makavu. Ukitafuta udhaifu wake, usiende mbali na hapo.

Sasa nirudi kwa yule mzee wa Moshi. Jioni moja barazani, kahawa mkononi, nilimwuliza: Mzee, kwa kuwa imani yatosha, mbona kila Jumapili baada ya kanisa unakwenda hospitali kuwalisha wagonjwa wasio na jamaa, Waislamu kwa Wakristo? Si ungepumzika tu? Hakukasirika. Akanionyesha mwembe ulio uani kwetu, akaniuliza kama huzaa maembe ili upate kuwa mwembe, au huzaa kwa kuwa ni mwembe. Kisha akaniambia, Sheikh, mimi siendi pale kutafuta pepo, maana mgonjwa si ngazi ya kupandia. Nilikosa la kusema usiku ule. Baadaye nikagundua kwamba mfano wa mti Luther alikuwa ameutumia katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520, na mwaka huo huo alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya amali njema.

Hili ndilo nililokuwa silijui. Luther hakuzifuta amali; alizihamisha. Zilikuwa zikielekea mbinguni, ziwe thamani ya kununulia, naye akazigeuza zielekee kwa jirani. Mungu, kwa maoni yake, hahitaji amali zetu, lakini jirani anazihitaji. Kwa hivyo mtumishi anayefagia, fundi anayeshona kiatu kizuri, hata baba anayefua nepi za mtoto huku wenzake wakimcheka, hao wote wamo katika ibada, wala hawako chini ya mtawa. Na hakuishia kwenye maneno. Mji wa Leisnig ulipopanga mwaka 1523 kukusanya mali ya kanisa katika kasha moja la jamii, lenye kufuli nne na funguo mbalimbali, kwa ajili ya mafukara, mayatima na wazee, Luther aliuandikia mpango huo dibaji. Sisi tungeliita kasha hilo baitulmali.

Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, chuo kikuu kilihamia Jena. Luther aliamriwa aondoke, akabaki, yeye na mkewe Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa kabla ya kuolewa naye mwaka 1525 na wakati ule alikuwa mjamzito. Waliwaingiza wagonjwa nyumbani mwao. Akaandika kijitabu kueleza nani anaruhusiwa kuikimbia tauni na nani haruhusiwi: mwenye dhamana ya watu, awe mchungaji, hakimu au daktari, asiondoke, wengine waweza kwenda madhali wagonjwa hawakuachwa peke yao. Wasomaji watakumbuka mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya mji uliopatwa na tauni. Mtoto aliyezaliwa Desemba ile, Elisabeth, hakuishi mwaka.

Walakini mti si kila mara huzaa. Walipozungukia makanisa ya Saxony, Luther aliwakuta watu hawajui hata sala ya Bwana, wameacha kufunga, wameacha sadaka, wakisema wameokoka bure. Akaandika mwaka 1529 kitabu kidogo cha maswali na majibu, mfano wa vile tulivyohifadhi chuoni. Mwanzoni mwa mwaka 1530 aliwakasirikia watu wa Wittenberg hata akagoma kuwahubiria kwa muda. Na rafiki yake Johann Agricola alipofundisha kwamba sheria za Musa hazina tena haja ya kuhubiriwa kanisani, Luther alimpinga kwa ukali tangu mwaka 1537. Mtu huyu aliyeiondoa mizani ilimbidi aseme kila siku kwamba hakuwa ameondoa wajibu.

Kuna jambo linalotuhusu sisi Waislamu hasa. Mwaka 1529 majeshi ya Sultani Suleiman yaliuzingira mji wa Vienna. Mwaka uliofuata Luther alitoa dibaji ya kitabu cha zamani juu ya mila za Waturuki, kilichoandikwa na mtu aliyekuwa mateka wao. Humo alikiri kwamba kwa sala, kwa saumu, kwa kiasi katika chakula na mavazi, na kwa heshima ya mikusanyiko yao, Waislamu wanawapita Wakristo, na kwamba watawa wa Kikristo mbele yao ni kivuli. Niliposoma hapo nilifurahi kama aliyesifiwa yeye. Furaha yangu haikudumu. Luther hakukusudia sifa. Alikuwa akijenga hoja. Alitaka kusema: tazameni, kama amali njema ndizo ziokoazo, basi hao Waturuki wangeokoka kabla yenu, kwa hiyo dini ya Kristo sharti iwe kitu kingine. Tulifanywa ushahidi katika kesi isiyo yetu. Hata hivyo ushahidi wenyewe ulikuwa wa kweli, na adui ndiye aliyeutoa, kwa maana kwingine alitutukana sana. Mwaka 1542 wakubwa wa mji wa Basel walipomfunga mchapaji Oporinus kwa kutaka kuchapa tafsiri ya Kilatini ya Kurani, Luther aliwaandikia kumtetea, na kitabu kikatoka mwaka 1543 pamoja na maneno yake. Nia yake ilikuwa kisomwe ili kipingwe. Lakini kilisomwa.

Basel hiyo hiyo, karne tatu baadaye, ndipo aliposomea Johann Ludwig Krapf, mtoto wa Kilutheri wa karibu na Tübingen, aliyetua Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha misheni cha Waingereza. Mwaka ule alimzika mkewe na kitoto chao, na mwaka ule ule alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Sijui kadhi mwingine aliyeanza urafiki na Mlutheri kwa kazi ya kalamu.

Siwezi kumwandika Luther nikaacha doa. Wakulima wa Ujerumani walipoasi mwaka 1525, aliwahimiza wakuu wawaue bila huruma, na wakauawa watu wanaokisiwa kufikia 100,000. Mwaka 1543 aliandika dhidi ya Mayahudi, akataka masinagogi yao yachomwe; karne nne baadaye Wanazi wakayatumia maneno hayo. Makanisa ya Kilutheri yenyewe yameyakana, lile la Marekani mwaka 1994. Mtu aliyefundisha kwamba imani huzaa upendo kwa jirani hakumwona kila jirani.

Kanisa Katoliki lilimjibu katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547. Lilikubali kwamba hakuna aokokaye kwa amali zake pasipo neema, lakini likakataa ile imani peke yake: neema humbadilisha mtu, naye hushirikiana nayo kwa matendo. Kwa tofauti hiyo, ambayo mtu wa nje aweza kudhani ni nyembamba kama uzi, ilimwagika damu nyingi Ulaya. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri wakatia sahihi tamko moja kwamba mtu hukubaliwa kwa neema tu, si kwa ustahili wake, na kwamba neema hiyo humwita katika matendo mema. Wamethodisti, tunaowajua hapa tangu siku za Ribe, wakajiunga nalo mwaka 2006. Mzee wa Moshi alinipa habari hiyo kama mtu anayetoa habari za ndugu wawili waliopatana baada ya kugombania shamba la marehemu.

Luther hakuuona mwafaka huo. Mwanzoni mwa mwaka 1546, mgonjwa, umri wake miaka 62, alisafiri wakati wa baridi kali kwenda kuwasuluhisha mabwana wa Mansfeld waliokuwa wakigombana. Waliafikiana. Naye tarehe 18 Februari akafa katika mji ule ule wa Eisleben alimozaliwa. Baada ya kufa kwake ilionekana karatasi aliyoiandika siku mbili kabla. Ilizungumza juu ya ugumu wa kuvielewa vitabu, na mwisho wake, nusu Kijerumani na nusu Kilatini, ilisema kwamba sisi ni maombaomba.

Nilimsomea kaka yangu habari ya karatasi hiyo. Sasa ana mvi na wajukuu. Aliniuliza kama huyo mtu alikuwa na wasiwasi mpaka siku ya kufa. Nikamwambia nadhani ulimrudia mara kwa mara. Akaitika kwa kichwa, akauliza saa. Ilikuwa imekaribia alasiri, akaenda kutawadha.